Mwatiko Wenu, Mwatiko Wetu

Bwawa la kina mama lilipasuka Ijumaa moja adhuhuri, katika zile mvua za mwisho wa mwaka wa tisini na saba ambazo kila mtu, hata bibi zetu wasiosikiliza redio, alikuwa akiziita Elnino kana kwamba ni jina la mkwe mkorofi. Wanaume walikuwa msikitini. Kina mama walikuwa wamejifungia majumbani na watoto. Kwa hivyo aliyeushuhudia ukuta ukienda ni mbuzi wa jirani peke yake. Tulipofika tulikuta pengo la kupita lori, na maji ya rangi ya chai ya maziwa yakikimbilia mikokoni. Shangazi yangu alisimama juu ya kipande cha ukuta kilichosalia, amejifunika gunia la plastiki kichwani, akawatazama samaki wake wakiondoka. Hakulia. Alisema tu, "Tazama wanavyokimbia, utadhani nilikuwa nimewafunga jela."

Kijiji chetu kiko kusini ya Msambweni, kabla hujafika Vanga, pale bahari inapoingia nchi kavu kwa hori refu lenye mikoko pande zote mbili. Mimi wakati huo nilikuwa nimerudi nyumbani. Nilikuwa karani wa mapokezi katika hoteli moja ya Diani, lakini wageni walikuwa hawaji, na meneja alituambia twende tukapumzike mpaka tutakapoitwa. Nilipumzika siku chache, nikachoka kupumzika, nikaanza kumfuata shangazi kila alikokwenda, maana alikokuwa yeye ndiko kulikokuwa na habari.

Bwawa lilikuwa wazo lake. Yeye ndiye aliyewashawishi wenzake wa kikundi cha kina mama wachimbe tope nyuma ya mikoko na kulipanga likawa ukuta. Vifaranga wa samaki waliwapata kwa kanga. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, likishakupwa, yalibaki madimbwi yenye samaki wadogo kama sindano, na kina mama wawili wawili walitandaza kanga wakawateka. Walikuwa ni mwatiko, yule samaki mweupe mwenye mkia kama mkasi, ambaye akichomwa ni mtamu kupita kiasi, ila ana miiba ya kumnyamazisha msemaji yeyote. Na kwa kuwa maji ya bahari yalifika bwawani nyakati za bamvua tu, shangazi alichimba mfereji kutoka kijito cha maji baridi kinachoteremka mashambani. Samaki wake, basi, walikuwa wazaliwa wa baharini waliolelewa katika maji yasiyo na chumvi. Sisi tuliliona hilo jambo la kawaida.

Katikati ya mwaka uliofuata, bwawa likiwa limebaki shimo la kaa, wavuvi walianza kupata mwatiko mdomoni mwa hori. Si mmoja mmoja kama zamani. Juya, ule wavu mrefu wa kukokota, lilikuwa likija zito, na samaki ndani yake wakubwa, wanono, wanang'aa. Shangazi alikwenda kuwatazama walipomwagwa mchangani. Akamwinua mmoja kwa mkia, akamgeuzageuza kama mtu anayemkagua mtoto aliyerudi kutoka shule ya bweni.

"Hawa ni wangu," alisema.

Aliyemjibu ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa lile juya. Hao wawili hawakuwahi kusemezana bila kutaniana, na watu walikuwa wakisogea karibu wakiwaona pamoja.

"Wako? Umewaandika jina wapi, shemeji?"

"Siwaandiki. Nimewalea."

"Basi waite. Wakiitika, nakupa wote na chombo juu."

"Wewe nakuita kila siku chakula ki tayari, huitiki mpaka unuse nazi. Itakuwa samaki?"

Watu walicheka, lakini mzaha ule ulikuwa na jambo ndani yake. Nusu ya kikundi ilikuwa imekata tamaa. Katika mkutano wao wa mwisho shangazi aliulizwa uso kwa uso: hata tukijenga tena, mvua nyingine ikija, si samaki wataenda tena wakafie baharini? Kama walikufa, basi ile kazi ya tope ilikuwa bure na kikundi kivunjwe kwa heshima. Kama walikuwa hai, wanakula na kunenepa horini, basi hata kule kupasuka hakukuwa hasara tupu, kwa sababu kijiji kizima kilikuwa kikila jasho lao. Shangazi aliamini wako hai. Lakini imani yake haikuwatosha wenzake, na bila wao hakuwa na mikono ya kuinua ukuta.

Shemeji yake aliyajua haya yote. Siku ile pale mchangani, mbele ya watu, alinyoosha kidole hewani.

"Sikiliza. Siku utakayothibitisha kwamba mwatiko hawa wametoka bwawani kwako, mimi na vijana wangu tutakujengea ukuta kwa mikono yetu. Ukishindwa, kile kiwanja cha bwawa ni chetu, tutaanikia nyavu."

"Mashahidi mmesikia?" shangazi aliwageukia watu.

"Tumesikia!"

Shemeji yake alikuwa ameahidi hivyo kwa raha zake, akijua hakuna binadamu awezaye kumuuliza samaki alikotoka.

Baada ya hapo akaja mwanafunzi wa chuo kikuu, msichana wa bara, mrefu, amevaa buti za mpira na kubeba sanduku la barafu. Alikuwa akitafiti samaki wa mikokoni, na aliyemwelekeza kwetu alimwambia kuna mama mmoja anayedai samaki wa bahari nzima. Alimkuta shangazi anakuna nazi.

"Sasa, mathe? Mambo?"

Shangazi alinigeukia. "Anasema nini huyu?"

Nikamnong'oneza msichana kwamba huku kwetu huanza shikamoo. Akasema shikamoo, akapiga na goti juu yake, akazidisha hata ikawa kama anaomba radhi. Shangazi alifurahi, akamsogezea kibao chake mwenyewe akalie.

Ndipo tuliposikia habari ya masikio. Msichana alieleza kwamba ndani ya kichwa cha samaki mna masikio yasiyoonekana nje, na ndani ya sikio mna kijiwe cheupe. Kijiwe hicho tulikuwa tukikijua siku zote: ni kile kitu kigumu kinachogonga jino unapofyonza kichwa, ukakitema. Hatukujua kuwa ni sikio. Alisema kijiwe hukua kila siku kwa tabaka jembamba, kama ukuta unaopakwa chokaa juu ya chokaa, na kila tabaka huhifadhi kidogo cha maji aliyokuwamo samaki siku ile. Yapo madini mawili, strontiamu na bariamu. La kwanza hujaa zaidi kwenye jiwe samaki akiwa baharini, la pili akiwa kwenye maji ya mto. Mwalimu wake, aliyekuwa ng'ambo, alikuwa na mtambo wenye mwale wa mwanga unaotoboa vitundu vidogo kwenye jiwe, kuanzia katikati mpaka ukingoni, kisha unaunusa moshi wake na kusema ni maji gani.

"Yaani samaki anatembea na cheti cha kuzaliwa kichwani?" shangazi aliuliza.

"Cha kuzaliwa, na cha kila mahali alipowahi kuishi."

Shemeji yake alikuwa mlangoni, amekuja kuomba moto wa sigara. "Kumbe wana masikio kweli! Basi, shemeji, ulipowaita walikusikia vizuri. Walikataa tu."

Kazi ilianza kwa shida, nayo ni shida ya vichwa. Kwetu kichwa cha samaki hakitolewi ovyo. Ndicho anachowekewa mgeni, au mkwe, na ukimpa mtu samaki asiye na kichwa atajiuliza amekukosea nini. Sasa msichana akaanza kupita nyumba kwa nyumba akiomba vichwa, na kabla ya alasiri uvumi ulikuwa umefika mpaka sokoni: yupo mgeni wa bara anayekula vichwa peke yake, mwili hataki. Shangazi ndiye aliyemnusuru. Alizunguka mwenyewe, akawabembeleza wenye mwatiko, akaapa kwa wallahi kwamba havili, na akarudi na beseni lenye vichwa vya kutosha.

Msichana alivipasua uani kwetu kwa utulivu, akatoa vijiwe kwa kikoleo, kila kimoja kidogo kama punje ya mchele. Akavipanga kwenye kisahani vikauke. Kisha akaenda horini na buti zake kuangalia kina cha maji, akamwomba shangazi amwangalizie.

Shangazi aliangalia kweli. Aliinama, akanusa, akakunja uso. Vile vijiwe vilikuwa na shombo, na yeye hakuwa mtu wa kumkabidhi mgeni kitu chenye shombo. Akavitia kwenye bakuli, akakamua ndimu mbili, akatia chumvi, akafunika kwa kawa, akaenda kusali. Hivyo ndivyo anavyosafishwa samaki tangu dunia iumbwe.

Msichana aliporudi, shangazi alimfunulia bakuli kwa madaha. Tuliinama sote watatu. Ndani palikuwa na povu jembamba na vitu vichache vyembamba kama vipande vya kucha, ambavyo tulipokuwa tukivitazama viliendelea kutoa vipovu na kupungua.

"Mama, umetia nini humu?"

"Ndimu, mwanangu. Vilikuwa vinanuka."

Msichana aliketi chini mchangani na buti zake. Alijifunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kutikisika, na shangazi akashika kifua akidhani amemliza mtoto wa watu. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akashindwa kusema, akawa ananyooshea bakuli kidole tu. Alipopata pumzi akasema, "Umeviosha mpaka vimekwisha!"

Alituonyesha kosa lilipo. Aliokota gamba la kombe uani, akalidondoshea ndimu, nalo likatoa povu lilelile. Kijiwe cha sikio, alisema, ni chokaa kama gamba, na ndimu hula chokaa. Shangazi alilirudia jambo hilo kwa magamba mengine, la konokono, la chaza, hata kipande cha ganda la yai, kila mara akistaajabu upya, mpaka ndimu za nyumbani zikaisha na mchuzi wa jioni ukakosa ukali.

Kufikia asubuhi kijiji kizima kilikuwa na habari. Shemeji mtu alikuja nayo akiimba.

"Nimesikia wengine hufua nguo, shemeji wangu kafua ushahidi!"

"Nenda zako."

"Umetakata, lakini? Hauna doa?"

"Nenda zako, nakwambia, au ndimu nyingine nikutie wewe tuone utabaki kiasi gani."

Alicheka naye, lakini alipoondoka shangazi alibaki akichezea kikamulio cha ndimu. Nilijua anawaza nini. Vichwa vingine angevipata wapi? Waliompa mara ya kwanza walikuwa wametoa heshima ya mezani kwao, nayo imeishia kwenye bakuli la ndimu. Mwanamke mmoja wa kikundi alikuwa ameshamuuliza shemeji mtu kama wataanza kuanika nyavu mwezi huu au ujao.

Suluhisho lilitoka kwa msichana, pale pale wavuvi wanapotua. Aliwaambia kwamba ipo njia nyingine ya kutoa kijiwe bila kupasua kichwa, ila ni ya taabu kidogo. Shemeji mtu akachagua mwatiko mkubwa kuliko wote, akamlaza mbele yake.

"Huyu hapa. Lakini akirudi na kovu, umemnunua."

Msichana alimgeuza samaki tumbo juu, akafunua shavu lake moja, akaingiza kikoleo kwa chini, ndani kabisa, akavunja kitu kilicholia kama biskuti. Akatoa kijiwe kimoja, kisha cha pili. Akafunika shavu, akamfuta samaki kwa kiganja, akamrudisha. Shemeji mtu alimpindua, akamkagua mdomo, akamkagua macho, akamtafuta kovu kila mahali mpaka vijana wake wakaanza kumcheka.

"Hata yeye mwenyewe hajui kama ameibiwa," alisema hatimaye.

Baada ya hapo msichana hakuhitaji kuomba. Wavuvi walimletea samaki wenyewe, wakajipanga kama watu wanaopeleka watoto chanjo, kila mmoja akitaka kuona wake akitolewa. Na kila vijiwe vilipotoka, mtu mmoja au mwingine alipaza sauti, "Shangazi mbali! Shangazi kaa mbali na ndimu zako!"

Kilibaki kitu kimoja. Ili mtambo ujue maji ya bwawani yanaandika nini, ulihitaji kijiwe cha samaki ambaye hapana shaka alikuwa wa bwawani. Nao walikuwapo wachache. Kwenye kona ya bwawa, penye shimo refu, palisalia dimbwi ambalo mfereji wa maji baridi uliendelea kulilisha, na ndani yake walikuwamo mwatiko wachache waliokosa njia ya kutoka. Kina mama wawili watatu waliokuwa bado na moyo walikuwa wakipita kuwatupia pumba. Shangazi alikuwa akiwahesabu ndio mbegu yake.

Msichana alimweleza, hakumbembeleza. Shangazi alisimama ukingoni, akawahesabu tena. Kisha akafungua kanga yake ya juu, akanipa ncha moja, tukaingia majini. Tuliwateka waliohitajika. Akasema bismillahi, akavichinjia uani kwetu vile visamaki ingawa samaki hachinjwi, na hakuna aliyemsahihisha.

Vijiwe viliondoka katika vichupa vilivyoandikwa namba, msichana akaondoka navyo. Kijijini ilizuka salamu mpya. Shangazi akipita, watu hawakumuuliza habari za nyumbani, waliuliza, "Mawe yamesemaje?" naye akijibu, "Bado yanafikiri." Hata imamu alimuuliza siku moja, kwa adabu, akitazama pembeni. Mimi niliitwa tena hotelini miezi ikienda, lakini kila nilipopata likizo swali nililolikuta mlangoni lilikuwa hilohilo.

Alirudi mwaka wa tisini na tisa, jua kali, na shikamoo safari hii ikamtoka kabla hajavuka uzio. Hakutaka kusema chochote mpaka watu wakutane. Tulikutana kwenye banda la samaki, kina mama upande mmoja, wavuvi upande wa pili, naye akabandika ukutani karatasi tatu kubwa.

Ya kwanza ilikuwa na mstari wa strontiamu uliokaa juu kutoka mwanzo hadi mwisho. Huyo, alisema, ni samaki asiyejua maji mengine ila bahari. Ya pili ilianza juu ikaporomoka, ikabaki chini hadi mwisho. Huyo ni wa dimbwini. Ya tatu ilianza juu, ikashuka, ikatambaa chini kwa muda, halafu ikapanda tena na kubaki juu. Huyo alivuliwa mdomoni mwa hori, mkubwa, mnono.

"Na hili bonde katikati?" shangazi aliuliza.

"Bonde hilo ni bwawa lenu, mama."

Shangazi alinyanyuka, akaliendea lile bonde, akalipitishia kidole polepole kutoka mteremko mpaka mpando. Upande wa kina mama ulilipuka kwa vigelegele. Mwanamke yule aliyeuliza habari za kuanika nyavu alipiga kirefu kuliko wote.

Shemeji mtu alingoja wanyamaze. "Hongera. Nauliza tu, mwalimu. Kati ya samaki wetu wote uliowachokoa masikio, wenye bonde wangapi?"

Msichana alikuwa mkweli. "Kama nusu hivi. Nusu nyingine ni wa bahari moja kwa moja."

Sasa walioshangilia ni wavuvi. Shemeji mtu akasimama, akajifunga shuka vizuri kama wakili.

"Haki ni haki. Nusu yenu, nusu yetu. Nami ni mtu wa ahadi: tutajenga nusu ya ukuta."

Kina mama waliruka juu. Nusu ukuta! Nani amewahi kuona nusu ukuta unazuia maji? Mmoja alimwita mwizi, mwingine akamwita jina ambalo siliandiki. Shangazi peke yake alikuwa ametulia, anakunja karatasi ya tatu.

"Nimekubali," alisema.

"Umekubali?" aliuliza shemeji yake, kidogo amevunjika moyo kwa kukosa ugomvi.

"Nimekubali. Nusu ipi?"

"Uitakayo wewe, shemeji. Chagua."

"Nusu ya chini."

Wavuvi walimpigia makofi kwa unyenyekevu wake. Lakini waliowahi kujenga ukuta wa tope pale walikuwa wanawake tu, nao wote wakaanza ghafla kutazama miguu yao, wameuma midomo.

Siku ya kazi maji yalipokuwa mafu, yasiyojaa sana, tulifika mapema. Kikundi chote kilikuja, hata waliokuwa wameshaaga. Ukuta wa bwawa unaanzia chini ya usawa wa maji. Tope lake la msingi huchimbwa mtu akiwa ndani hadi kiunoni, ni zito, linavuta mguu, na kila bonge likitoka jingine linajaa nafasi yake. Nusu ya juu hupangwa na mtu aliyesimama pakavu akipokea tope lililokwisha kauka kidogo. Vijana wa juya waliingia wakiimba. Baada ya saa chache hawakuimba tena. Kina mama walikuwa wameketi kwenye kivuli cha mikoko, wanamenya mihogo, wanangoja zamu yao.

"Shemeji," alisema mkubwa wa juya, tope limemrukia hadi kidevuni, "mbona nusu hii haina mwisho?"

"Ndiyo nusu yenye samaki wengi. Chimba."

Jua lilipokuwa linateremka msingi ulitokeza juu ya maji, mpana, umenyooka. Kina mama walijifunga kanga, wakapanda juu yake, wakaanza kupanga sehemu yao, nayo ilikwenda haraka kiasi cha wavuvi kukaa wakitazama, wamechoka hata kutania. Wawili kati yao walishindwa kukaa, wakainuka kuwapokeza mabonge. Kisha wote.

Shemeji mtu aliketi ukingoni, akaomba maji ya kunywa. Shangazi alimpelekea dafu, limeshafunguliwa. Alilichukua kwa mikono miwili, akaligeuza, akaangalia ndani.

"Hili mbona nusu?"

"Nusu yangu nimeshakunywa," alisema, akaketi kando yake.